Dawa Zilizomo Jikoni na Vipimo Vyake



Barua tatu zilizotufikia zimewekwa mbele yangu ninapoandika ukurasa huu. Mama mmoja auliza jinsi ya kuondoa doa la mchuzi lililoingia katika kanzu nyeupe ya mumewe. Wa pili alalamika kwamba birika lake limeota ukoko mweupe ndani, na shaba zake zimefifia. Wa tatu ni bibi harusi aliyehamia ugenini, mbali na mama yake. Naye ataka aandikiwe dawa zote za jikoni, za kutibu na za kusafishia, ili asiwe na haja ya kumgongea jirani mlango kila siku.

Maombi haya yote tutayajibu, insha-Allah. Lakini barua ya bibi harusi imenifanya niweke kalamu chini na kufikiri kwa muda, maana aliloliomba ni kubwa kuliko anavyodhani. Jikoni mwa kila mmoja wetu, awe tajiri au maskini, mna vitu vichache vyenye nguvu nyingi: chumvi, sukari, ndimu, siki, magadi, majivu, asali, na siku hizi ile dawa ya kung'arishia nguo tuiitayo jiki. Vitu hivi ni watumishi wema. Lakini kila kimoja kina kipimo chake na mpaka wake. Kikitumiwa kwa kipimo ni neema, na kikitumiwa ovyo chaweza kuleta msiba. Kwa hiyo sitamwandikia bibi harusi orodha ya dawa pasipo vipimo. Na kabla ya kuingia katika vipimo, naomba ruhusa ya wasomaji nisimulie jambo la kwetu.

VITU VILIKUWAPO, ELIMU HAIKUWAPO

Mwaka 1961 nilikuwa mtoto wa miaka 7 katika mji mdogo wa pwani. Ndugu yangu wa kike, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili, alishikwa na ugonjwa wa kuharisha wakati wa mvua za masika. Bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mkunga na mjuzi wa miti shamba, na watu walimjia kutoka kila mtaa. Alimtazama mtoto, akasema, "Msimpe maji. Tumbo limelegea, na maji yatazidi kulilegeza." Mama alitii, na nani angethubutu kumpinga bibi?

Mtoto alilia akiunyoshea mkono mtungi uliokuwa pembeni ya ukumbi. Mimi ndiye niliyetumwa kuuhamisha ule mtungi asipate kuuona. Siku ya tatu hakulia tena. Macho yalikuwa yamedidimia, midomo imekauka, na alipofinywa ngozi ya tumbo ilibaki imesimama kama kitambaa. Alizikwa siku ile ile baada ya sala ya Alasiri.

Sisemi haya kumlaumu bibi. Alimpenda mjukuu wake kuliko nafsi yake, na alitenda kwa elimu aliyorithi. Hata madaktari wa zama zile hawakuwa na njia nyingine ila kutia maji kwa sindano katika mshipa, na hospitali yenye maji hayo ilikuwa mbali na kwetu. Lakini kila ninapoikumbuka siku ile, jambo moja hunichoma: jikoni mwetu mlikuwamo chumvi, mlikuwamo sukari, na maji yalikuwamo katika mtungi nilioubeba kwa mikono yangu. Dawa ilikuwamo nyumbani, wala hapakuwa na mtu aliyeijua.

Elimu yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa ikizaliwa. Mwaka 1960 mtaalamu Robert Crane alieleza mbele ya wenzake, katika mkutano uliofanyika Prague, jinsi sukari na chumvi zinavyopita pamoja katika ukuta wa utumbo. Chumvi peke yake hupita kwa shida katika tumbo lenye ugonjwa. Ikifuatana na sukari kwa kadiri, zote mbili huingia mwilini kwa pamoja, na maji huzifuata. Mwaka 1968 madaktari waliokuwa Dhaka, mji ambao sasa ndio makao makuu ya Bangladesh, walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu waweza kurudishiwa maji yao kwa kunyweshwa mchanganyiko wa namna hiyo. Kisha mwaka 1971 vita vilipozuka katika nchi ile, wakimbizi kwa mamilioni walimiminika India. Katika kambi ya Bongaon maji ya sindano yalikwisha, na daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari, huku ndugu zao wakisaidia kuwanywesha. Vifo ambavyo vilikuwa vikifika kama watu 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka vikawa chini ya 4.

Lakini sehemu ya habari hii inayotuhusu sisi wa nyumbani ndiyo inayofuata. Kuanzia mwaka 1980 hata 1990, shirika la BRAC la Bangladesh lilituma wanawake wafundishaji wapite kijiji kwa kijiji, nyumba kwa nyumba, wakawafunze akina mama kuitengeneza dawa hiyo kwa mikono yao. Akina mama wengi hawakujua kusoma, wala hawakuwa na vijiko vya kupimia. Basi wakafundishwa kwa mkono: chumvi kiasi cha kubana kwa vidole vitatu, sukari guru ngumi moja, na maji kama nusu lita. Baadaye wasimamizi walirudi kuwauliza akina mama, na ujira wa mfundishaji ulitegemea walichokikumbuka, si idadi ya nyumba alizozipita. Nyumba kama milioni 12 zilifikiwa kwa njia hii. Tena ilionekana kwamba mama aweza kujua vema, lakini baba au mkwe asipoafiki, dawa haitumiki. Kwa hiyo wanaume nao wakafuatwa na kuelezwa, masokoni na misikitini. Yafaa tulitie akilini jambo hilo. Elimu ya nyumba si ya mama peke yake.

JINSI YA KUTENGENEZA

Dawa iliyo bora ni ile ya pakiti, ambayo hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa, kwa sababu vipimo vyake vimekwisha kukadiriwa na ndani yake mna chumvi nyingine ambazo mwili huzihitaji. Soma maandishi ya pakiti ujue ni ya maji kiasi gani, kwani si zote zilizo sawa. Pakiti isipopatikana, au wakati mtu amekwenda kuitafuta, tengeneza hivi:

Chukua maji safi lita 1, yaliyochemka sawasawa yakapoa. Asiye na kipimo atumie chupa 2 safi za nusu lita. Tia sukari vijiko 6 vidogo vya chai, kila kijiko kimesawazishwa kwa kisu juu. Tia chumvi nusu ya kijiko kidogo, nayo imesawazishwa vivyo hivyo. Koroga hata vyote viyeyuke, kisha onja. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi machozi, yamwage utengeneze mengine.

Msomaji asione ukali wangu katika jambo la vijiko kuwa ni upuuzi. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Sukari ikizidi huyavuta maji kutoka mwilini yakarudi tumboni, na kuharisha kukazidi. Ndiyo maana soda na maji matamu ya dukani hayafai kuwa badala yake.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe kiasi cha mililita 50 hata 100 kila baada ya kuharisha, yaani robo hata nusu ya kikombe cha chai, kwa kijiko, polepole. Wa miaka 2 hata 10 apewe mara mbili ya kiasi hicho. Mtu mzima anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Mtoto anyonyeshaye aendelee kunyonya, na ale chakula kama ada. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamehimiza pia mtoto apewe vidonge vya zinki kwa muda wa siku 10 hata 14. Ukifika zahanati viulizie.

Tena ufahamu mpaka wa dawa hii. Humrudishia mgonjwa maji, wala haiui ugonjwa wenyewe. Ukiona damu katika choo, au mtoto hawezi kunywa, au hutapika kila anachopewa, au macho yamedidimia, au hapati mkojo, au amelegea hata haamki vema, usingoje asubuhi. Mchukue hospitali upesi, nawe endelea kumnywesha njiani.

MAJIBU YA USAFI

Sasa tuwageukie mabibi wawili walioandika juu ya usafi.

Doa la mchuzi aghlabu ni la manjano, na manjano yana tabia mbili ambazo mwenye kuzijua hapati tabu. Kwanza, yakikutana na sabuni hugeuka kuwa mekundu, na wengi hudhani nguo imeharibika. Wala haikuharibika, endelea kufua na kusuuza. Pili, rangi yake haivumilii jua. Fua kwa sabuni, kisha anika kanzu juani ingali na unyevu, doa likitazama jua. Rudia siku ya pili ikihitajika. Kama mchuzi ulikuwa na mafuta, nyunyizia unga juu ya doa kabla ya kufua, uache uyanywe mafuta, kisha upanguse.

Doa la damu lataka maji ya baridi. Maji ya moto huipika damu ikashikamana na uzi kama yai linavyoshikamana na chungu. Doa la kutu litiwe maji ya ndimu na chumvi, liachwe juani kwa muda, kisha lisuuzwe sana.

Ukoko wa birika ni chokaa ya maji, na adui wa chokaa ni kitu kikali kama siki au ndimu. Jaza birika nusu siki na nusu maji, chemsha, acha kwa muda wa saa moja, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara mbili kabla ya kupika chai. Lakini kwa kuwa siki huila chokaa, isitumiwe kusafishia sakafu ya marmar wala kuta za nyumba za kale zilizopakwa chokaa, kama zile za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja. Itaondoa uchafu pamoja na ukuta.

Shaba, iwe ni deli, sinia au misumari ya mlango, husuguliwa kwa ukwaju au kwa ndimu na chumvi, kama walivyofanya bibi zetu. Ukali wake huiyeyusha ile kutu ya juu. Isuuzwe mara moja na kukaushwa kwa kitambaa, kwani ikiachwa na unyevu itafifia tena.

Sufuria ya alumini iliyoingia weusi ndani ichemshwe na maganda ya ndimu. Usiitie magadi, maana magadi ndiyo huitia weusi. Magadi yanafaa kwa sufuria ya chuma kisichoshika kutu iliyoungua: tia maji na vijiko 2 vya magadi soda, chemsha, acha yapoe, na ukoko utabanduka. Ama majivu ya kuni yaliyochekechwa ni sabuni ya tangu zamani. Yakikutana na mafuta ya chombo na maji kidogo huanza kuwa sabuni kwelikweli, na chembe zake husugua. Yasitumiwe katika chombo chenye rangi laini, na mwenye kusafisha asuuze mikono yake vema, kwani huikausha ngozi.

Na ubani na udi tunaoufukiza baada ya kufagia? Huleta harufu nzuri, na harufu nzuri ni jambo la kupendeza, lakini moshi si usafi. Kwanza ufagio, maji na sabuni, kisha udi. Na kama ndani ya nyumba mna mtoto mchanga au mwenye pumu, moshi usifukizwe chumbani mwake.

JIKI HAITAKI MWENZI

Hapa naomba wasichana wasome mara mbili.

Mwaka 2023, siku mbili kabla ya Idd el-Fitr, mjukuu wangu wa miaka 16 alijitolea kusafisha choo na bafu kwa ajili ya wageni. Alikuwa amefunga, akataka kazi iishe upesi. Akamwaga jiki sakafuni. Alipoona madoa ya chokaa hayatoki, akakumbuka kwamba siki hutoa chokaa, akaimimina siki juu ya jiki ile ile, na mlango ulikuwa umefungwa. Tulisikia kikohozi, kisha kishindo cha ndoo. Mama yake alipofungua mlango, macho yake mwenyewe yaliwasha mara moja. Tulimtoa mtoto nje penye hewa, akapelekwa hospitali, akapewa hewa ya kupumulia, na usiku alilala huko. Alhamdulillahi, alipona. Idd tuliisali, lakini hapana aliyeona ladha ya biriani.

Nini kilichotokea? Jiki ina klorini iliyofungwa ndani ya maji. Kitu kikali kama siki, ndimu, au ile asidi ya kusafishia vyoo, huifungua klorini hiyo ikatoka kuwa hewa. Ni hewa hiyo hiyo ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia adui zake karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikaua askari kwa kuwaharibia mapafu. Msichana katika bafu dogo hakujua kwamba ametengeneza silaha ya vita. Vivyo hivyo jiki isichanganywe na dawa yoyote yenye amonia, kwani huzaa hewa nyingine yenye sumu.

Kanuni ni nyepesi: jiki huchanganywa na maji ya baridi tu. Haichanganywi na siki, wala ndimu, wala dawa nyingine ya choo. Safisha kwanza kwa sabuni na maji, suuza, ndipo upake jiki, kwa sababu uchafu huila nguvu yake. Jiki ambayo chupa yake imeandikwa asilimia 3.5 huwekwa vijiko 2 vikubwa vya chakula katika lita 1 ya maji, nayo huachwa juu ya meza au sakafu dakika 10 kisha hufutwa. Madirisha yawe wazi. Mchanganyiko utengenezwe kila siku mpya, kwani nguvu yake haidumu. Na ikitokea mtu amechanganya kwa bahati mbaya, asiiname kusafisha. Atoke kwanza, aufungue mlango, na akiona shida ya kupumua akatazamwe na daktari.

CHUPA YA SODA

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Lakini chupa ina kifuniko, na kabati ina rafu ya juu. Mafuta ya taa, jiki na dawa za wadudu tumezoea kuzinunua kwa kipimo na kuzitia katika chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto hajui kusoma. Aijua chupa tu. Kitu kisicholiwa kisitiwe kamwe katika chupa ya kinywaji, wala kisiwekwe chini ambapo mkono mdogo hufika.

Na ikiwa mtoto amekwisha kunywa mafuta ya taa, asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa au mafuta ili atapike, kama wengi wafanyavyo. Mafuta ya taa huharibu zaidi yakiingia mapafuni, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe pamoja naye ili daktari aione.

MANENO MACHACHE JUU YA TIBA NYINGINE

Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, alituhimiza tutafute dawa tunapougua. Kutafuta ni pamoja na kuuliza mwenye kujua.

Asali ni kitulizo kizuri cha kikohozi. Kijiko kimoja kabla ya kulala chatosha. Lakini asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, hata kwa kulambishwa ncha ya kidole. Ndani ya asali mwaweza kuwamo mbegu za kijidudu ambazo tumbo la mkubwa huzishinda, na la mchanga huzishindwa, zikamlegeza viungo hata kupumua. Wanaopenda kumlambisha mtoto kitu kitamu anapozaliwa watumie tende iliyolainishwa, kidogo sana, kwa mikono safi.

Kitovu cha mtoto mchanga kiachwe kisafi na kikavu. Kisitiwe majivu, wala udongo, wala samadi. Pepopunda huingia kwa mlango huo. Pakipatikana dawa ya kitovu iliyotolewa na mkunga wa zahanati, hiyo itumiwe kama alivyoagiza.

Wanja nao watakiwa uangalifu. Wanja mwingi unaouzwa kwa jina la ithmid hutengenezwa kwa jiwe lenye risasi, na risasi huingia mwilini mwa mtoto ikamdhuru ubongo pole pole, bila ya homa wala kilio. Basi macho ya watoto wachanga yaachwe kama Mwenyezi Mungu alivyoyaumba.

Aliyeungua moto au maji ya moto awekwe mara moja chini ya maji ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili. Asipakwe dawa ya meno, wala siagi, wala yai, wala unga. Vitu hivi huuzuia moto usitoke na huleta uchafu katika jeraha. Kisha afunikwe kwa kitambaa safi, na jeraha likiwa kubwa, au la uso au mikono, aonwe na daktari.

Ama habbasoda, sifa zake zajulikana katika kila nyumba ya Kiislamu, nami sina neno juu ya anayeila. Lakini mgonjwa wa sukari asiache dawa zake kwa ajili ya habbasoda, wala asivichanganye viwili bila ya kumwambia daktari wake, kwani nayo yaweza kuishusha sukari, na ikishuka kupita kiasi mtu huzirai.

KAZI YA MWEZI HUU

Nimalize kwa vijana. Ninyi mmesoma kuliko sisi, na barua za bibi zenu ninyi ndio mnaozisoma kwa sauti. Msiwacheke wazee kwa elimu waliyo nayo. Mengi katika ukurasa huu, ya ukwaju na ndimu na majivu, nimeyatoa kwao. Lakini pale elimu mpya inapookoa roho, msikae kimya kwa haya. Mtu aweza kumwambia bibi yake kwa heshima, "Bibi, naomba tumpe maji, kwa kijiko, polepole." Mimi mwaka ule sikuwa na maneno hayo. Ninyi mnayo.

Basi mwezi huu kila nyumba ifanye mambo mawili. Kwanza, kijana mmoja aandike katika karatasi: maji lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo, aibandike ukutani jikoni, kisha amfundishe kila mtu wa nyumba, baba naye akiwamo, kutengeneza mara moja kwa mkono wake na kuonja. Pili, azikague chupa zote za nyumba, na kila aliyoikuta na mafuta au dawa ndani ya chupa ya kinywaji, aihamishe siku hiyo hiyo.

Na wewe bibi harusi wa ugenini, usione haya kumgongea jirani mlango. Mpelekee karatasi hiyo, mtengeneze pamoja. Huenda yeye naye alikuwa akingoja mtu wa kumwuliza.

Wabillahi tawfiq.